Baada ya Maziko, Maswali Yanayopaswa Kuulizwa



Juma hili tumepokea barua kutoka Matiliku, mji mdogo wa kaunti ya Makueni, upande wa Nzaui. Aliyeiandika ni bibi mmoja mzaliwa wa pwani, ambaye jamaa zake walihamia Ukambani kwa ajili ya biashara. Anatueleza kwamba mjukuu wake wa miezi minane alifariki katika hospitali aliyopelekwa kwa rufaa, akazikwa siku ile ile kama ilivyo ada yetu. Wiki chache baadaye, mhudumu wa afya wa kijiji alifika nyumbani na ujumbe. Hospitali ile inapitia vifo vyote vya watoto vya mwezi uliopita, na ingependa kusikia kutoka kwa wazazi jinsi maradhi yalivyoanza na yalivyoendelea.

Familia imegawanyika. Baba wa mtoto anataka kwenda. Wazee wanasema kwamba mtoto ameitwa na Mola wake, na kuchimbua mambo sasa ni upungufu wa subira. Mama wa mtoto hasemi neno, lakini bibi anamjua mkwewe: anahofia kuulizwa kwa nini alichelewa. Basi bibi anatuuliza: twende, au tunyamaze?

Jawabu letu ni kwamba waende. Na kwa kuwa swali hili linaweza kubisha hodi katika nyumba yoyote miongoni mwa nyumba zetu, tumeona tulieleze kwa urefu kidogo.

Tuanze na hoja ya wazee, kwa sababu ni hoja ya heshima na imetoka katika imani. Ajali ya kila kiumbe imeandikwa, na hakuna kikao cha madaktari kitakachomrudisha aliyekwisha kutangulia. Hilo halina ubishi. Lakini wanaohudhuria kikao cha namna hii hawaendi kuipinga kadari. Wanaulizana kuhusu mtoto atakayelazwa kitanda kile kile wiki ijayo. Sote tunaijua habari ya Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alipokuwa njiani kuelekea Shamu akapewa habari ya tauni. Alishauriana na watu wake kundi baada ya kundi, akawasikiliza wenye ujuzi, kisha akaamua kurejea Madina. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari, alifahamisha kwamba kurejea kwenyewe nako kumo ndani ya kadari. Khalifa aliyefanya mashauriano kwa ajili ya roho ambazo bado hazijafa ametupa kigezo kinachotutosha.

Sasa tuseme kikao hiki ni kitu gani, maana khofu nyingi hutokana na kutojua. Mapitio ya vifo vya watoto ni mkutano wa mara kwa mara, aghalabu wa kila mwezi, ambapo madaktari, maafisa wa kliniki, wauguzi, watu wa maabara, wa duka la dawa na wa utawala huketi pamoja na kufungua faili la kila mtoto aliyefia mikononi mwao. Hakuna maiti inayopasuliwa wala kaburi linalofukuliwa. Hufuatwa safari ya mtoto tangu alipougua nyumbani hadi dakika yake ya mwisho, na katika kila hatua huulizwa: je, palikuwapo jambo ambalo lau lingefanywa vingine, huenda mtoto huyu angeishi?

Wataalamu wa afya ya uzazi huzigawa hatua hizo katika ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni wa kuamua kutafuta tiba. Wa pili ni wa njiani, kukosa usafiri au nauli. Wa tatu ni wa ndani ya hospitali yenyewe, baada ya mgonjwa kufika. Afrika Kusini, ambako tangu mwaka 2004 hospitali nyingi hutumia mpango mmoja wa kupitia vifo vya watoto, kila kasoro inayogunduliwa huandikwa ilitokea wapi, nyumbani, zahanati au hospitali, na kama ilihusu familia, wahudumu au utawala. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupitia vifo vya watoto hospitalini, ili hata hospitali ndogo isiyo na daktari bingwa iweze kuifanya kazi hii.

Tuchukue mfano, wala si kisa cha hospitali yoyote tunayoijua. Mtoto wa mwaka mmoja anafika saa moja usiku, anapumua kwa taabu. Asubuhi amekwisha fariki. Cheti kinasema nimonia, na wengi wangeishia hapo. Kikao hakiishii hapo. Kwa nini hakupewa oksijeni? Kwa sababu mtungi wa wodini ulikuwa mtupu. Kwa nini haukubadilishwa? Kwa sababu mtungi uliojaa ulikuwa stoo, na stoo ilikuwa imefungwa. Ufunguo ulikuwa wapi? Kwa mtu aliyekwisha kwenda zake nyumbani saa kumi na moja jioni. Kwa nini muuguzi wa zamu hana ufunguo wa pili? Hapo kimya hutanda, kisha mtu mmoja husema kwamba hakuna aliyewahi kufikiria jambo hilo. Ufunguo wa pili huchongwa kwa bei ndogo mno. Lakini bila ya kikao kile, nimonia ingelaumiwa tena mwezi unaofuata, na mtungi uliojaa ungeendelea kulala stoo.

Ndiyo maana tunasema kwamba hospitali yenye vitu vichache ndiyo inayohitaji kazi hii zaidi. Hospitali kubwa ya mjini ikikosea, huenda pakawa na bingwa wa pili wa kurekebisha au mashine nyingine ya kutumia. Katika hospitali ya mji mdogo, muuguzi mmoja usiku huweza kuwa na wodi nzima ya watoto juu ya mabega yake, na kosa dogo la mpangilio halina wa kulizuia. Wenye uchache hawana budi kujua uchache wao unavuja wapi.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya kusadikika. Katika mji wa Blantyre, nchini Malawi, hospitali kuu ya Queen Elizabeth ilitazama jinsi watoto wanavyopokelewa, ikaona kwamba mahututi walikuwa wakingoja pamoja na wenye mafua. Utaratibu ukabadilishwa: kila mtoto aangaliwe mara anapofika, mwenye hali mbaya apite mbele, na huduma ya dharura iwe karibu na mlango. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya 10 na 18 katika kila 100, vilishuka hadi kati ya 6 na 8. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006, na gharama yake haikuwa kubwa.

Na hapa kwetu pwani tuna ushahidi ambao dunia nzima imeusoma. Tangu mwaka 1989 hospitali ya Kilifi imekuwa na kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, ambako kulazwa kwa mtoto na kufa kwa mtoto huandikwa kwa uangalifu. Kwa miaka mingi, homa kali ya mtoto ilidhaniwa karibu kila mara kuwa ni malaria. Watafiti wa Kilifi walipoichunguza damu ya watoto wote waliolazwa, walionyesha mwaka 2005 kwamba angalau robo ya watoto waliofia hospitalini pale walikuwa na bakteria katika damu, na kwamba thuluthi moja hivi ya waliokufa kwa bakteria hao walifariki siku ile ile waliyolazwa. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulikuwa umeonyesha kwamba katika wagonjwa 4,474 waliotibiwa kama wenye malaria kali, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea vya malaria katika damu. Wale wasiokuwa na malaria walikufa kwa wingi zaidi, na wengi wao hawakupewa dawa ya kupambana na bakteria. Hapo fahamuni uzito wa jambo hili: mtoto alitibiwa, dripu ilining'inizwa, dawa ilitolewa, na maradhi yaliyomuua hayakuguswa.

Elimu hiyo haikubaki makabatini. Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2001, na dhidi ya nimokoka mwaka 2011. Kilifi ndiko ilikopimwa faida yake: maradhi makali ya Hib yalikaribia kutoweka, na yale ya aina za nimokoka zilizomo katika chanjo yalipungua kwa watoto wadogo kwa zaidi ya asilimia 90. Watoto wetu wanaochanjwa leo katika zahanati za Matuga, Malindi na Matiliku wanakula matunda ya maswali yaliyoulizwa juu ya watoto ambao hatutawajua majina.

Liko na somo la pili kutoka Kilifi, nalo ni zito zaidi. Ilikuwa desturi, tena iliyofundishwa vyuoni, kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri amiminiwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Kati ya mwaka 2009 na 2011, hospitali za Kilifi, Muheza na nyingine nne za Uganda zililijaribu jambo hilo kwa watoto zaidi ya 3,100. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji kwa haraka, kati ya 10 na 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale ambao hawakumiminiwa, walifariki 7 hivi. Tiba iliyoaminiwa na kila mtu ilikuwa ikidhuru. Tunaomba tueleweke hapa: utafiti huo haukuwahusu watoto wanaoishiwa na maji mwilini kwa kuharisha, ambao kurudishiwa maji ndiko kunakowaokoa. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba nia njema na mazoea ya miaka mingi hayatoshi. Lazima watu wahesabu waliokufa na waulize.

Tukirudi kwenye hali ya nchi nzima, takwimu za uchunguzi wa afya za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 41 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na 21 kati yao hawamalizi mwezi wa kwanza. Mwaka 2014 waliofariki walikuwa 52. Tumepiga hatua, alhamdulillahi, lakini lengo ambalo mataifa yamejiwekea kwa mwaka 2030 ni wasizidi 25. Kwa akina mama, ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa siri wa kitaifa, iliyotoka mwaka 2017, ilipitia vifo 484 na kukuta kwamba karibu tisa katika kila kumi palikuwa na upungufu katika huduma. Wizara ya Afya inao mwongozo wa kupitia vifo vya akina mama na vya watoto wachanga. Na tangu mwaka 2013 hospitali kadhaa za kaunti zimeungana katika mtandao wa kuandika vyema habari za watoto waliolazwa na kurudishiwa matokeo yao wenyewe wayatazame.

Basi kwa nini bado mapitio haya hayafanyiki kila mahali, au hufanyika kwa jina tu? Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza ni khofu ya lawama. Muuguzi akijua kwamba atakalosema litageuzwa kuwa barua ya onyo, atanyamaza, na faili litaandikwa maneno mepesi yasiyomgusa mtu. Nchi ya Uingereza imekuwa ikichunguza vifo vya akina mama wazazi tangu mwaka 1952, na uchunguzi huo ulijengwa juu ya siri: jina la mgonjwa na la aliyemhudumia huondolewa, ukabaki mkasa wenyewe. Siri hiyo ndiyo inayofungua vinywa.

Ya pili ni faili tupu. Usipoandikwa uzito wa mtoto, saa aliyofika, pumzi zake kwa dakika na saa aliyopewa dawa, kikao hakina cha kupitia. Sisi tunaozika siku ile ile, na ambao hatupasui maiti ila kwa dharura ya sheria, tunahitaji kulizingatia hili zaidi ya wengine. Mtoto wetu akishatiwa kaburini, mashahidi wanaobaki ni wawili tu: karatasi za hospitali na kumbukumbu ya mama. Karatasi zikiwa tupu na mama akanyamaza, hakuna atakayejua.

Ya tatu, na ndiyo inayokatisha tamaa zaidi, ni maazimio yasiyotekelezwa. Kikao hufanyika, chai hunywewa, huandikwa kwamba ipatikane mashine ya kuwapa joto watoto njiti, kisha daftari hufungwa. Mwezi unaofuata huandikwa yale yale. Kikao chenye maana humtaja mtu atakayelifanya jambo na tarehe ya kulimaliza, na kikao kifuatacho huanza kwa kumuuliza.

Sasa tumgeukie mama yule aliyenyamaza. Tunamwambia: binti yetu, nenda, na usiende peke yako. Chukua kijitabu cha mama na mtoto, na barua ya rufaa kama unayo. Useme siku homa ilipoanza, lini mtoto alikataa ziwa, mlikwenda wapi kwanza, mlipewa nini. Kama alinyweshwa kombe au dawa ya miti shamba, usifiche. Kama ulingoja mume arudi, au ulikuwa huna nauli ya pikipiki, au hukuwa na wa kumwachia watoto wengine, lisemwe hivyo hivyo, kwa sababu nauli iliyokosekana ni jambo ambalo kaunti na jamii zinaweza kulitafutia dawa. Na wanaokuuliza wanapaswa kukuuliza kwa upole, katika lugha uliyoizoea, iwe Kikamba au Kiswahili. Atakayekuuliza kwa sauti ya kukushitaki, yeye ndiye aliyekiuka madhumuni ya kikao.

Baba naye anayo haki ya kuuliza: mmejifunza nini, na mmebadilisha nini? Na ikiwa familia inaamini kwamba palikuwa na uzembe mkubwa, kikao hiki hakiwaondolei haki ya kulalamika. Mashtaka yana njia yake, yakiwemo mabaraza yanayosimamia madaktari na wauguzi. Njia hizo mbili zisichanganywe, kwa sababu kila moja ina kazi yake.

Wazee wetu wa Matiliku tunawakumbusha kwamba wao wanaishi katika kaunti yenye sifa ya wananchi kuketi na viongozi wao na kuamua mambo ya kijiji. Makueni ilikuwa mbele pia mwaka 2016, ilipoanzisha mpango wa matibabu ambapo nyumba nzima ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Watu waliozoea kuhoji gharama ya birika la maji na barabara hawashindwi kuhoji wodi ya watoto.

Na kazi hii haiishii kwa familia moja. Kila kamati ya msikiti, tangu Vanga hadi Lamu na huko bara waliko ndugu zetu, inaweza kufanya mambo matatu yasiyo na gharama. Mosi, imuulize msimamizi wa hospitali iliyo karibu kama vifo vya watoto hupitiwa kila mwezi, na ni azimio gani la mwisho lililotekelezwa. Pili, pale linapokosekana jambo dogo, kama kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni katika damu, watu wachangishane, kwani sadaka ya namna hiyo huendelea kufanya kazi usiku ambapo sote tumelala. Tatu, katika darsa za akina mama na za akina baba zitajwe dalili za hatari ambazo hazingoji asubuhi: mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu. Mtoto wa namna hiyo, na mtoto anayepumua kwa taabu, apelekwe hospitali saa ile ile.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amjaalie mjukuu wa bibi yetu kuwa kitangulizi chema kwa wazazi wake, awape subira, na awajaalie wanaowatibu watoto wetu moyo wa kusema kweli na nguvu ya kurekebisha. Wasomaji waliowahi kuitwa katika vikao vya namna hii, watuandikie watueleze walivyopokelewa, nasi tutayachapisha maelezo yao bila kutaja majina, InshaAllah.

Wabillahi tawfiq.